Mrejesho: Mdalasini na manjano badala ya metformin?

Wakuu, habari zenu. Niliwauliza kama mwenye kisukari aina ya 2 anaweza kuacha metformin, vidonge vya kushusha sukari, akabaki na mdalasini na manjano. Asanteni kwa ushauri, hata wale mlionifokea.

Nilimpelekea daktari kopo langu la mdalasini. Akaligeuza, akasoma lebo, akauliza: "Ni kasia au wa Ceylon?" Sikujua. Kumbe kasia, ule wa kawaida, una kemikali iitwayo kumarini kwa wingi, na ukiutumia kwa wingi kila siku unaweza kuumiza ini. Ushahidi kwamba unashusha sukari upo, ila haulingani. Kurkumini, kemikali iliyo ndani ya manjano, nayo hufyonzwa kidogo mno utumboni. Piperini ya pilipili manga huongeza ufyonzwaji, lakini inaweza pia kubadili kiwango cha dawa nyingine mwilini. Hilo hakuna aliyenigusia!

Kilichonivutia zaidi ni nyuzinyuzi za beta-glukani, za shayiri na oti. Zikikutana na maji tumboni huwa utelezi mzito, glukosi ikaingia kwenye damu polepole. Gramu 3 kwa siku husaidia pia kushusha kolesteroli mbaya.

Halafu eti metformin yenyewe chimbuko lake ni kemikali ya mmea, Galega officinalis. Hapo nilicheka.

Kwa hiyo vidonge naendelea navyo, mdalasini ni wa kuonjesha tu, na oti kila asubuhi. HbA1c, kipimo cha sukari kwenye damu, huakisi wastani wa miezi 2 hadi 3, kwa hiyo majibu yangu bado.