Mwanangu wa miaka mitano na nusu anapapasa ngazi kwa mguu, naomba ushauri

MamaNuru

Habari zenu wana jukwaa. Nimemlaza mwanangu sasa hivi ndipo nikapata nafasi ya kuandika, maana nina mzigo moyoni.

Ana miaka mitano na nusu. Anaongea vizuri, tena mno. Hadithi ukimsimulia leo, kesho anakurudishia neno kwa neno. Ila macho yake na mwili wake ni kama havisikilizani. Akipita mlangoni anagonga bega kwenye fremu. Ukimrushia mpira anafumba macho, na viganja vinakutana mpira ukiwa umeshapita. Kalamu ya bluu iko mbele yake, imechanganyika na nyingine, naye anaapa haipo. Ameambiwa achore mraba, kachora kitu kama yai lenye kona moja.

Linaloniumiza zaidi ni ngazi. Kupanda hana shida. Kushuka, anashika ukuta, anatanguliza mguu wa kulia, anapapasa ukingo kwa kidole gumba kama mtu anayepima kina cha maji, ndipo aegemeze uzito. Kila kipandio hivyo hivyo. Leo nimemhimiza kwamba tunachelewa, akanijibu: "Mama, sioni zinaishia wapi." Nilikaa palepale kwenye ngazi, nguvu ziliniishia.

Shuleni wanasema ni mvivu. Baba yake anasema atakua tu. Macho yalipimwa mwaka jana, alisoma safu yote ya herufi huku macho yote mawili yakiwa wazi, wakasema yuko sawa. Mimi namsaidia kila kitu: namvalisha, namfunga vifungo, namshika mkono. Je, nakosea? Nianzie wapi?

BabaMapacha

Pole sana dada. Wangu mmoja alikuwa hivyo kwenye mpira, ikaisha yenyewe. Lakini hilo la ngazi sijawahi kulisikia. Usilipuuze.

NesiWaMacho

Mama Nuru, hayo si maneno ya mtoto mvivu. Nijibu mawili kwanza. Akiwa juani anafumba jicho moja? Akitazama kitabu anainamisha kichwa upande mmoja?

MamaNuru

Juani anafumba la kushoto, ndiyo! Nikadhani ni mazoea tu. Kichwa sijaangalia.

NesiWaMacho

Basi mpeleke kwa daktari wa macho wa watoto, usingoje. Kipimo cha macho yote mawili wazi kinaficha mengi, kwa sababu jicho zima linasoma kwa niaba ya mwenzake. Lazima kila jicho lipimwe peke yake, lingine likiwa limezibwa kabisa, na daktari atie dawa ya kutanua mboni.

Ubongo hujua kitu kiko umbali gani kwa kulinganisha picha mbili, moja ya kila jicho. Uwezo huo huanza kujengeka mtoto akiwa na miezi mitatu hadi mitano. Jicho moja likiwa dhaifu au likikimbia pembeni, ubongo unapokea picha zisizolingana, na polepole unaanza kuipuuza moja. Hilo ndilo tunaloita jicho vivu. Ukilitazama kwa nje unaweza usione kasoro yoyote. David Hubel na Torsten Wiesel walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1981 kwa kazi iliyohusu jambo hilihili: walimziba mtoto wa paka jicho moja katika wiki zake za mwanzo, na alipofunguliwa, ubongo wake ulikuwa karibu umeacha kulisikiliza jicho lile.

Kwa binadamu muda ni mrefu zaidi, na matokeo mazuri kabisa hupatikana tiba ikianza kabla ya miaka saba. Una nafasi. Ila tafadhali, usimzibe jicho zima kwa uamuzi wako ili kulilazimisha lile vivu lifanye kazi. Ukiziba lisilo, au ukizidisha saa, unaweza kulidhoofisha lile zima.

MzeeWaPembeni

Mnamzulia mtoto ugonjwa. Sisi tulikua bila vipimo hivi.

DadaWaMwisho

Shikamoo mzee. Mimi ni mmoja wa waliokua bila vipimo hivyo. Jicho langu vivu liligunduliwa nina miaka kumi na minne. Mpaka leo nikimimina maji lazima mdomo wa jagi uguse glasi, la sivyo yanaishia mezani. Shuleni niliitwa mzembe miaka yote. Mama Nuru, nenda.

MikonoMidogo

Nimechelewa kuuona uzi huu. Kazi yangu ni tiba kazi kwa watoto, yaani kuwasaidia wamudu shughuli za kila siku kama kuvaa na kuandika, nami naungana na nesi: macho kwanza. Kumfundisha mtoto kudaka mpira asiouona sawasawa ni kumtesa.

Sasa nije kwenye swali lako la kumsaidia. Jicho hujifunza kwa kutembezwa na mwili. Mwaka 1963 Richard Held na Alan Hein waliwafunga paka wadogo wawili wawili kwenye mtambo wa kuzunguka. Mmoja alitembea kwa miguu yake, wa pili alibebwa kwenye kikapu, wakiona mazingira yaleyale. Yule aliyetembea alijifunza kukwepa ukingo na kutanguliza miguu akikaribia kutua. Aliyebebwa hakujua.

Sisemi umekosea, ulimlinda. Ila sasa mpunguzie mkono. Vifungo aanze na kile cha mwisho tu, vingine mfungie wewe. Wiki ijayo viwili. Kwenye ngazi usimwachie, lakini ashike ukuta badala ya kiganja chako, na ubandike utepe wa njano kwenye ukingo wa kila kipandio. Mpira uweke kando kwanza, mpe puto. Linashuka taratibu, jicho linapata muda wa kulifuata na mkono unapata muda wa kufika. Hilo la puto nalipenda kuliko zoezi lolote, kwa sababu mtoto anafaulu siku ya kwanza.

Kalamu: muwekee tatu mezani, si ishirini, uongeze kidogo kidogo. Karatasi ya kuchorea ibandike ukutani usawa wa macho yake, bega na kifundo cha mkono vifanye kazi. Mwandiko mzuri huanzia begani, vidole hufuata.

Mraba usikutishe peke yake. Kwa kawaida duara huja kwenye miaka mitatu, msalaba minne, mraba kati ya minne na mitano, pembetatu mitano na kuendelea. Lakini ukijumlisha na hayo mengine, inafaa apimwe. Na kama miwani ikipatikana na bado anajigonga miezi michache baadaye, rudi apimwe uratibu wa mwili. Watoto kama 5 au 6 kati ya 100 wana tatizo la uratibu huo, na wengi huitwa wavivu kama huyu wako.

MamaNuru

Narudi baada ya wiki tano. Jicho la kushoto linaona hafifu, na akichoka linakimbia nje. Amepewa miwani kwanza. Daktari ataamua baadaye kama plasta ya kuziba jicho zima inahitajika. Nilimpelekea mwalimu karatasi ya majibu. Aliisoma mara mbili, akamhamishia mwanangu dawati la mbele siku hiyohiyo.

Puto limepasuka mara nne, tumenunua mengine. Kifungo cha mwisho na cha kabla yake anafunga mwenyewe. Jana nilisimama chini ya ngazi, yeye juu. Kashuka vipandio saba bila kupapasa, mkono uko ukutani lakini umelegea. Cha nane, ambapo utepe umebanduka, akasimama na kukipima kwa kidole.

Swali moja nesi: miwani inateleza akikimbia, naye anachungulia kwa juu ya fremu. Nifanyeje?

NesiWaMacho

Hongera sana mama. Rudi kwa walioitengeneza, wabane masikio ya fremu na wakupe mkanda wa kuzungushia kisogoni. Usiache achungulie kwa juu, maana hapo ni sawa na hajavaa. Na ule utepe wa cha nane, ubandike leo.