Fiksi inaisha Septemba, na bati la Uyole halijapanda

Ndugu zangu wa Mbeya na Iringa, habari za siku nyingi.

Barua ya benki ina wiki ya tatu kwenye friji. Kila nikifuata maziwa naisoma upya. Tulinunua nyumba hapa Leicester, Uingereza, mwaka 2021: mkopo wa pauni 180,000, miaka 25, riba asilimia 1.8 iliyofungwa miaka mitano isibadilike, ndiyo hiyo fiksi. Tunalipa 745 kwa mwezi. Deni sasa ni kama 150,000. Tusipochagua mpango mwingine, Septemba wanatuhamishia kwenye riba yao ya kawaida, 7.5. Nimepiga hesabu mara mbili nikidhani nimekosea: pauni 1,210 kwa mwezi.

Na ile nyumba tunayojenga nyumbani Uyole, Mbeya, kuta zimefika lenta. Mama kila Jumapili ananikumbusha kwamba Novemba mvua inaanza. Nimwambieje fundi asimame? Nyumbani ukisema riba imepanda wanaona umeanza kujificha.

Wa Uyole

*

Mdogo wangu, pole. Hiyo 7.5 ni ya waliosahau, nami niliwahi kuwa mmoja wao. Nilikuwa msibani Tukuyu, fiksi ikaisha, nikalipa riba ya kawaida miezi miwili kabla sijashtuka. Mpaka leo nikiona mfuko wa saruji nakumbuka ile hela.

Ile 1.8 izike. Mliipata riba ya Benki Kuu ya Uingereza ikiwa 0.1. Kuanzia Desemba 2021 ikapandishwa mara 14 mfululizo hadi 5.25, Agosti 2023. Imeanza kushuka Agosti 2024, ila usikae kusubiri irudi chini kule.

Wapigie benki yako wiki hii. Benki nyingi hukuruhusu kufunga riba mpya miezi kadhaa kabla, nyingine hata sita, na mara nyingi ikishuka kabla ya tarehe ya kuanza unaweza kuomba hiyo ya chini. Kama hujachelewa rejesho, kubadili mpango na benki ileile kwa kawaida hawachimbi tena mishahara yenu. Halafu tafuta dalali wa mikopo aangalie benki nyingine. Usihame tu kabla fiksi haijaisha, kuna faini.

Tuseme umepata 4.6. Kwa miaka 20 iliyobaki ni kama 958. Watakushawishi urudishe miaka iwe 25, ushuke hadi 843. Ukibanwa kweli, chukua, lakini jua mwisho wa safari umewaongezea kama pauni 23,000.

Dada yenu, Reading

*

Kamwene! Mimi kaka yenu nilisharudi, niko Mafinga. Huku riba ya mkopo wa nyumba benki inaweza kufika asilimia 19, ndiyo maana watu wanajenga kwa msingi mwaka huu, kuta mwaka kesho. Kuta za Uyole kukaa mwaka bila bati si aibu, mtaa mzima umejengwa hivyo. Fundi afunike vichwa vya kuta kwa turubai au mabati chakavu, maji yasiingie kwa juu. Usikope huko kwa kadi ili uezeke huku, hilo nakukataza kabisa.

Na mama mwambie kwa namba. Mama zetu wako kwenye vikoba, riba wanaijua kutuzidi. Tunachowaficha ni mshahara.

*

Ndaga fijo, dada. Nawe kaka, asante.

Benki wamenipa 4.6 kweli, nimeifunga jana. Dalali tunaonana Alhamisi, huenda akapata chini ya hapo. Miaka tumeiacha 20, mume wangu ataongeza zamu moja ya usiku.

Mama nimempigia, nikamtajia 745 na 958. Akanyamaza kidogo, akauliza, "Hiyo iliyoongezeka ni kwa mwezi au kwa mwaka?" Nilipomwambia ni mwezi akasema bati lisubiri, na kwamba angejua mapema asingenunua misumari.

Fundi anadai elfu arobaini ya turubai.

Wa Uyole