Naomba ushauri kuhusu ngoma za Wabanaba

Ndugu zangu, salamu. Ninaandaa mada ya semina kuhusu Wabanaba wa Pasifiki, ambao kisiwa chao kilichimbwa fosfeti (madini ya kutengenezea mbolea) kuanzia mwaka 1900 hadi 1979, na wengi wao wakahamishiwa Rabi, nchini Fiji, Desemba 1945. Kila tarehe 15 Desemba wao hukumbuka kuwasili huko kwa ngoma na maigizo, ambamo hata ujio wa wachimbaji huonyeshwa jukwaani. Msimamizi wangu anayaita maadhimisho tu. Mimi naona ni madai kamili. Nimesoma hukumu ya mahakama ya London ya mwaka 1976, katika kesi ya Wabanaba dhidi ya serikali ya Uingereza, lakini humo hoja ni mrabaha (malipo ya madini yaliyochimbwa) na kupanda upya miti.

Je, nitumie vigezo gani kuthibitisha kwamba ngoma ni upinzani? Na je, kuilinganisha na Beni, ngoma ya pwani yetu iliyoiga bendi na gwaride za kijeshi za kikoloni, kunafaa?