Mrejesho: Mwalimu aliyenikosoa kikaoni

Ndugu zangu, mwezi uliopita niliwaomba ushauri baada ya mwalimu wa Hisabati kusema mbele ya kikao cha walimu kwamba mimi, mkuu wa shule, napanga zamu kwa upendeleo. Nami nilikuwa nimekwisha kuandaa barua ya kumtaka ajieleze. Wengi mlinisihi nisiitoe.

Barua ilibaki kwenye droo. Nilichukua daftari la zamu, nikahesabu majina ya muhula mzima: yeye alikuwa ameshika zamu mara 5, ilhali walimu wawili ninaosali nao walishika mara 2 kila mmoja. Sikukusudia, lakini daftari halikuandika nia yangu. Nilimwita ofisini, nikaketi upande wake wa meza, nikamwacha aseme hadi amalize, jambo ambalo nakiri lilinitoa jasho, kwa kuwa majibu yalikuwa yamenijaa mdomoni. Kisha nilimwambia kwamba kuhusu zamu alikuwa na haki, ila dai lake kwamba nawanyima walimu ruhusa ya kwenda masomoni halikuwa kweli, nikamwonyesha barua mbili nilizozipitisha.

Kwa kuwa nilikosolewa kikaoni, nilikiri kosa kikaoni. Mliosema niombe radhi faraghani tu, mniwie radhi. Zamu sasa anazipanga makamu wangu, na ratiba hubandikwa ubaoni. Mwalimu mwenyewe bado hanichangamkii, ila juzi alibisha hodi kunitahadharisha kwamba mitihani miwili ya majaribio imegongana, yote imepangwa saa ileile.