Nimepata ukaazi wa kudumu Kanada, mchumba wangu yuko nyumbani: je, tufunge ndoa kwa njia ya video?

MgeniWaHalifax aliuliza:

Ndugu zangu, nawasalimu. Nilitua Kanada miezi minne iliyopita nikiwa mkaazi wa kudumu kupitia mpango wa wafanyakazi wenye ujuzi, na katika maombi yangu nilijieleza kuwa sijaoa, jambo ambalo lilikuwa kweli. Mchumba wangu amebaki nyumbani. Posa ilipokelewa kabla sijaondoka, mahari imekwisha kutolewa, na wazee wa pande zote mbili hawaoni sababu ya kuendelea kungoja. Kwa kuwa ndiyo kwanza nimeanza kazi na siwezi kuomba likizo ndefu, wamependekeza nikaha ifungwe huko nyumbani, mjomba wangu akiwa wakili wangu, nami nishuhudie na kuitikia kwa njia ya video.

Naomba kujua kama cheti cha ndoa ya namna hiyo kitanisaidia nitakapotaka kumleta mke wangu. Vilevile nimeambiwa kwamba mkaazi mpya hawezi kumdhamini mwenzi wake mpaka awe raia, tena awe na mshahara wa kiwango fulani. Je, ni kweli? Na je, ingekuwa vyema aje kwanza kwa viza ya kutembelea, ili mambo mengine tuyakamilishe akiwa hapa?

UmmuRayyan alijibu:

Kaka, kabla ya jambo lingine lolote nakuomba usimamishe mpango wa video. Tangu tarehe 11 Juni 2015, kanuni za uhamiaji za Kanada haziitambui ndoa ambayo mmoja wa wanandoa hakuwapo yeye mwenyewe mahali ilipofungwa, iwe ilifungwa kwa wakili, kwa simu, kwa faksi au kwa intaneti. Waliosamehewa ni wanajeshi wa Kanada walioshindwa kuhudhuria kwa sababu ya kazi yao, na wewe humo hauna nafasi. Ndoa yako inaweza kuwa sahihi kabisa mbele ya Mwenyezi Mungu, mbele ya wazee na mbele ya msajili wa huko nyumbani, na bado afisa wa uhamiaji akalikataa ombi, kwa sababu kanuni inataka ndoa iwe halali kisheria kule ilipofungwa na, juu ya hapo, wanandoa wote wawili wawe walihudhuria.

Nalisisitiza hili kwa sababu kosa lenyewe ni gumu kulirekebisha. Msajili anaweza kukataa kuwaozesha upya watu ambao kitabu chake tayari kinawaonyesha kuwa ni mume na mke, na nyinyi mtabaki na cheti kisichowafikisha popote. Ni afadhali usubiri miezi michache, upate hata siku kumi za likizo, uende ukafunge ndoa yako ukiwa umeketi pale.

Kuna jambo moja ambalo sisi Waislamu tulifikirie zaidi. Katika nikaha nyingi bi harusi huwa chumba kingine au hata nyumba nyingine, na walii wake ndiye anayezungumza na bwana harusi. Kwetu hilo ni la kawaida, lakini afisa anayesoma faili akiwa mbali anaweza kujiuliza kama kweli bi harusi alihudhuria. Kwa hiyo ningeshauri mkeo awepo palepale, atie saini kwa mkono wake mbele ya mashahidi, na picha ziwaonyeshe nyote wawili pamoja na shehe aliyewaozesha. Haipunguzi chochote katika dini, na inafunga mlango wa maswali.

Mkaazi_Winnipeg alijibu:

Dada amelieleza vizuri suala la ndoa, nami nitajibu kuhusu udhamini.

Si kweli kwamba ungoje uraia. Mkaazi wa kudumu aliyetimiza umri wa miaka 18 anaruhusiwa kumdhamini mwenzi wake tangu siku aliyotua. Anayezuiliwa kwa miaka mitano ni yule ambaye yeye mwenyewe aliletwa Kanada kwa kudhaminiwa na mwenzi, naye sasa anataka kumdhamini mwenzi mwingine, na kwa maelezo yako hilo halikuhusu. Tofauti kubwa kati yako na raia ni mahali unapoishi. Raia anaweza kuwasilisha ombi akiwa nje ya nchi iwapo ataonyesha kwamba watarudi kuishi Kanada, lakini mkaazi wa kudumu lazima awe anaishi Kanada anapowasilisha ombi na wakati wote linaposhughulikiwa. Nimewaona watu wakienda kufunga ndoa, wakanogewa, wakakaa nyumbani nusu mwaka huku ombi limekwisha kupelekwa, na hapo ndipo matatizo yalipoanzia.

Kuhusu mshahara, kiwango cha chini cha kipato unachokisikia kinawahusu zaidi wanaowadhamini wazazi na mababu. Anayemdhamini mke au mume kwa kawaida hapimwi kwa kiwango hicho. Anachotakiwa ni kutokuwa anaishi kwa msaada wa serikali, isipokuwa msaada wa ulemavu, na kutia saini ahadi ya kumtunza mwenzi wake kwa miaka mitatu tangu siku mwenzi huyo anapopata ukaazi. Ahadi hiyo haifutiki hata mkitalikiana, kwa hiyo isome neno kwa neno kabla ya kusaini. Faraja nyingine ni kwamba mwenzi anayedhaminiwa hawezi kukataliwa kwa hoja kwamba ugonjwa wake utaigharimu mno huduma ya afya ya Kanada, ingawa kupimwa afya ni lazima.

Sehemu itakayokula muda wako ni kuthibitisha kwamba ndoa ni ya kweli na haikufungwa kwa ajili ya ukaazi. Anza leo kuhifadhi mawasiliano yenu, stakabadhi za pesa unazomtumia, picha za posa na tiketi za safari. Msipeleke mamia ya kurasa zisizo na mpangilio. Afisa anatafuta historia inayoeleweka, jinsi mlivyofahamiana, nani alihusika, na mna mipango gani ya maisha.

BabaWawili alijibu:

Naandika haya kwa uchungu, kwa sababu mwenzangu alifika Kanada baada ya miaka ambayo hatukustahili kuipoteza. Mimi nilifunga ndoa baada ya kupeleka maombi yangu na kabla ya kutua. Wakala mmoja niliyemlipa aliniambia nisiitaje, kwamba ingechelewesha viza yangu na kwamba mke ningemwita baadaye. Nilipotua niliulizwa kama hali yangu ya ndoa ilikuwa imebadilika, nikajibu kwamba haijabadilika. Nilipoomba kumdhamini mke wangu nikaelezwa kwamba yuko nje ya kundi la familia, kwa kuwa alikuwa mke wangu siku nilipopata ukaazi na hakutajwa wala kupimwa. Tangu 2019 kuna unafuu wa muda kwa baadhi ya watu, lakini ni kwa waliokuja kama wakimbizi au waliodhaminiwa wao wenyewe na familia. Sisi tuliokuja kwa ujuzi wa kazi hatumo. Ilibidi tuombe kwa misingi ya utu na huruma, ambako afisa ana uhuru mkubwa wa kukubali au kukataa, na tukapata baada ya kusubiri sana.

Ndugu MgeniWaHalifax, wewe uko salama kwa sababu posa si ndoa. Lakini nawaomba wanaosoma hapa na bado hawajatua: ikiwa mmeoa au mmeolewa katikati ya mchakato, hata kwa nikaha tu isiyo na sherehe, waandikieni watu wa uhamiaji kabla ya kutua. Walioishi kinyumba mwaka mzima mfululizo nao wanahesabiwa kuwa wenzi, hata bila cheti chochote. Kuchelewa kwa viza kunaumiza kidogo sana kuliko nilichokipitia.

MgeniWaHalifax aliandika:

Nawashukuru sana. Nimezungumza na mjomba na mpango wa video tumeuacha. Bado nauliza kuhusu viza ya kutembelea: nikishafunga ndoa na kurudi, je, mke wangu akiiomba wakati ombi la udhamini liko mezani, hilo litamharibia?

UmmuRayyan alijibu:

Halimharibii kwa lenyewe. Sheria ya Kanada inakubali wazi kwamba mtu anaweza kutaka kuja kwa muda na wakati huohuo akataka kuwa mkaazi wa kudumu, mradi afisa aridhike kwamba ataondoka muda wake ukiisha iwapo ukaazi haujatoka. Asifiche kwamba ana mume Kanada, na aeleze kazi yake, masomo yake au wazazi anaowatunza. Wengine hupata na wengine hunyimwa, kwa hiyo msiitegemee kama njia pekee. Akiipata na akaja kuishi nawe, akiwa na hadhi halali na mkiwa mmekwisha kupokea barua ya kuthibitisha kwamba ombi la udhamini limepokelewa, anaweza kuomba kibali cha kazi kisichomfunga kwa mwajiri mmoja.

Hapo chagueni kwa uangalifu aina ya ombi. Lile la wenzi wanaoishi pamoja ndani ya Kanada likikataliwa, huna haki ya kukata rufaa kwenye baraza la rufaa za uhamiaji, na akisafiri nje kisha akazuiwa kurudi, ombi linaweza kuanguka. Lile la nje lina rufaa, tena haliharibiki kwa sababu tu amekuja kukutembelea. Mimi ningechagua la nje.

Na kabla hujakata tiketi ya kwenda kuoa, hakikisha kadi yako ya ukaazi imekwisha kufika mkononi, kwa sababu bila hiyo shirika la ndege litakuzuia kupanda wakati wa kurudi, na utalazimika kuomba hati maalumu ya safari ukiwa huko huku siku zako za likizo zinakwisha.