Mrejesho: skrubu au misumari kwenye baraza ya mbao, Shela

Assalaam aleikum. Kabla ya masika niliwauliza nitumie misumari au skrubu kwenye baraza ya mbao ninayojenga Shela, hatua chache tu na bahari. Ahsanteni sana mlionijibu. Boriti za chini nimezipigilia misumari iliyopakwa zinki, mbao za juu nimezikaza kwa skrubu za stenlesi, chuma kisichoshika kutu kwa urahisi. Mvua zimepita, hakuna ubao ulionyanyuka.

Ila stenlesi ziliniishia, na pembe moja nikatia skrubu za kawaida. Miezi mitatu tu, vichwa vimekula kutu, ubao una michirizi ya rangi ya chai. Nazifungua zote. Na mzee uliyesisitiza nitoboe ubao kwanza kabla ya kutia skrubu, shikamoo: mbao mbili nilizokaza bila kutoboa zimepasuka ncha.