Kutoka tangi la lita 300 hadi la lita 110: nani abaki, nani aondoke?

MajiTulivu

Ndugu wanachama, nahitaji ushauri kabla sijaanza kuhamisha chochote. Tangi langu la samaki la lita 300, ambalo maji yake peke yake yana uzito wa kilo 300, halitakaa kwenye nyumba ninayohamia, hivyo nimepata jingine la lita 110 lenye urefu wa sentimita 80. Kwa sasa nina skalari 2, neoni 14, korido 6, gapi kadhaa na pleko mmoja wa kawaida. Ninapima njia tatu: kubakiza wachache wa kila aina, kubaki na neoni na korido pekee, au kuwagawa wote na kuanza upya na samaki wadogo wa Ziwa Tanganyika wanaoishi ndani ya nyumba za konokono. Ipi ina mashiko?

PeziRefu

Njia ya kwanza inaonekana ya haki, lakini ndiyo mbaya kuliko zote. Neoni na korido huishi kwa makundi, na ukiwapunguza hadi watatu watatu utabaki na samaki wanaojificha nyuma ya mimea mchana kutwa, rangi zimefifia na hamu ya kula imepungua. Kwa hiyo ni afadhali uondoe aina nzima kuliko kukata kila kundi nusu. Skalari waondoke pamoja, kwani mwili wa mmoja hufikia takriban sentimita 15, ukiacha mapezi marefu ya juu na chini yanayodai kina, na akishakomaa humwona neoni kuwa chakula tu. Pleko wa kawaida hupita sentimita 30, na kwa kweli hata tangi la zamani lingekuja kuwa dogo kwake.

Bi Kidimbwi

Naafiki, ila nadhani tumeanza na samaki ilhali swali la kwanza ni maji. Neoni asili yake ni vijito vya Amazon vyenye maji laini (yenye madini machache) yanayoelekea kwenye asidi, na gapi hustawi katika maji magumu (yenye madini mengi) na yenye alkali. Katika tangi kubwa wamevumiliana kwa kuwa pH, yaani kipimo cha asidi na alkali, iko katikati, lakini kuvumilia si kustawi. Pima ugumu wa maji ya bomba huko uendako. Yakiwa laini, baki na neoni na korido. Yakiwa magumu sana, gapi ndio wabaki na neoni wapate mwenyeji mwingine, badala ya wewe kupambana na maji kila wiki kwa dawa za kushusha pH. Ukibaki na gapi, chagua madume tu, maana jike huhifadhi mbegu za dume na anaweza kuzaa mara kadhaa bila kupandwa tena, na lita 110 zitajaa kabla hujajua la kufanya na watoto.

Mchanga Mwororo

Mimi natetea njia ya tatu. *Neolamprologus multifasciatus* ni mdogo sana, dume hapiti sana sentimita 5, na koloni nzima hukaa vizuri katika tangi la ukubwa huo. Mtazame akihamisha mchanga: huubeba mdomoni, huogelea hadi kwenye mpaka wa jirani, kisha huutema hapo kama mwenye shamba anayejenga tuta. Wawekee mchanga laini wa kina cha kutosha na nyumba za konokono zinazozidi idadi yao. Hata hivyo niseme wazi kwamba wanahitaji maji magumu yenye pH ya kati ya 8 na 9, kwa hiyo usithubutu kuwachanganya na neoni wala korido. Anayetaka tangi la mchanganyiko, hili silo.

PeziRefu

Nyongeza kuhusu siku ya kuhama. Bakteria wanaogeuza amonia, sumu itokanayo na uchafu wa samaki, kuwa nitriti, kisha nitrati, wengi wao wamo kwenye sponji ya chujio na si ndani ya maji, kwa hiyo hamisha sponji ikiwa bado imelowa na usiioshe kwa maji ya bomba yenye klorini. Chujio la lita 300 litatoa mkondo mkali mno kwa neoni. Elekeza bomba la kutolea maji kwenye kioo ili nguvu yake ivunjike. Maji machache hubadilika haraka, yawe joto au uchafu, kwa hiyo lisha kidogo na pima amonia na nitriti kila siku mwanzoni.

MajiTulivu

Nashukuruni. Nimepima, maji ya huko ni laini, basi neoni na korido wanabaki. Sehemu ya juu ya tangi itakuwa tupu. Je, gurami kibete anafaa?

Bi Kidimbwi

Madume yake ni wagomvi, na aina hiyo inajulikana kwa ugonjwa wa virusi usio na tiba. Mchukue gurami wa asali, ambaye ni mpole na hapiti sana sentimita 5, na mimea inayoelea imwezeshe kujificha. Mwongeze wa mwisho, baada ya amonia na nitriti kusoma sifuri mfululizo.